HOMA YA USIKU WA JUMATATU

Ukurasa wa Usalama na Afya

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, saa tatu za usiku, mama mmoja wa kampi aligonga mlango wa zahanati yetu huku amemshika mumewe mkono. Mume alikuwa amejifunika mablanketi mawili, na meno yake yalikuwa yanagongana.

"Munganga, ni malaria," mama akasema kabla sijauliza kitu. "Alirudi kazini mzima, akala ugali na sombe vizuri, halafu baridi ikamwingia mifupani."

Nikampima joto: digrii 39. Nikamtoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, tukangoja dakika zinazotakiwa. Mstari mmoja tu ulitokea. Hakuna malaria iliyoonekana.

"Papa, leo mlifanya kazi gani kule atelie?"

"Ile ya kila siku, Munganga. Tulikuwa tunaunga mabomba ya maji. Mabomba mapya, yale meupe yanayong'aa." Akanyamaza kidogo, akameza mate. "Lakini kinywa changu tangu jioni kina ladha mbaya, tamu-tamu, kama nimelamba msumari."

Hapo nikajua. Nilimpa kitanda, maji mengi ya kunywa na parasetamoli, nikakaa karibu yake nikimsikiliza kifua. Hakupata kinini wala dawa nyingine ya malaria. Siku ya Jumatano asubuhi alikuwa amesimama tena mbele ya mashine yake ya kulehemu, naye mama akanipita njiani akitabasamu kama mtu asiyesadiki bado.

Wasomaji wapenzi, msidhani nilizaliwa nikijua jambo hili. Katika zahanati ya kwanza niliyofanya kazi, mbali na hapa, fundi mmoja wa kutengeneza matangi ya maji alikuja kwangu mara tatu katika miezi miwili. Kila mara alikuja usiku, na kila mara ilikuwa siku ya kwanza ya juma. Mara tatu nilimpa dawa ya malaria bila kumpima, mara tatu akapona baada ya siku mbili, na mara tatu nikajisifu kwamba mimi ni mganga hodari. Kumbe alikuwa anapona mwenyewe. Dawa ilimletea mlio wa masikio tu, na hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa wake ulikuwa unatoka katika kazi ya mikono yake. Ndiyo maana ninaandika leo juu ya vyuma, ingawa mimi si fundi wa vyuma.

JINA LINALOTUDANGANYA

Vitu vingi tunavyoviita chuma si chuma kimoja. Ni vyuma viwili vilivyolala pamoja, kimoja ndani na kingine nje kama ngozi. Macho huona ngozi tu, tena mara nyingi hayaitambui.

Hata lugha yetu inatuchanganya hapa. Bati, kwa maana ya madini, ndilo linalotoka katika kasiterite, yale mawe meusi mazito ambayo baba zetu walichimba Kalima na Punia, na ambayo yanachimbwa hata leo. Mwaka 1976 makampuni ya migodi ya Kivu na Maniema yaliunganishwa yakawa SOMINKI, na kampi nyingi ziliishi kwa bei ya bati mpaka ilipoanguka mwezi wa Oktoba 1985. Wazee wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kukumbushwa mwezi ule. Lakini mabati ya nyumba, yale yanayofunika vilima vya Kadutu na Bagira, hayakuvikwa bati letu. Ni chuma kilichovikwa zinki. Bati lenyewe mtalikuta dukani, kwenye kopo la nyanya au la maziwa ya unga: chuma chembamba kilichopakwa bati, na ngozi hiyo mara nyingi haifiki unene wa mikroni moja. Unywele wa mtu ni mnene mara nyingi kuliko hivyo.

Ngozi ya zinki ni nene zaidi. Bati zuri la nyumba hubeba gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili pamoja, maana yake mikroni 20 hivi kila upande. Bomba la maji lililochovywa baada ya kutengenezwa hubeba zaidi ya hapo, na ndiyo sababu bomba humgonjesha fundi kuliko bati.

Njia hii ya kuvika chuma zinki ilipewa hati ya ugunduzi huko Ufaransa mwaka 1837, kwa jina la Stanislas Sorel. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Chuma husafishwa kabisa, mara nyingi kwa asidi, mpaka kusibaki kutu wala mafuta, kisha huzamishwa katika zinki iliyoyeyuka yenye joto la digrii 450 hivi. Viwanda vikubwa vya mabati hupitisha mkanda mrefu wa chuma ndani ya birika hilo bila kusimama. Jirani zetu wa Kenya wanafanya kazi hiyo Mariakani, karibu na Mombasa, katika kiwanda cha Mabati Rolling Mills. Huko hutengenezwa pia mabati yaliyovikwa mchanganyiko wa alumini na zinki, alumini ikiwa sehemu 55 kwa mia.

Jambo la kushika ni hili: zinki haikai juu ya chuma kama rangi inavyokaa juu ya ukuta. Pale zinapogusana katika joto lile, vyuma hivyo viwili hulana. Chuma kidogo huingia katika zinki, zinki huingia katika chuma, na katikati huzaliwa matabaka membamba ambayo si hiki wala kile. Kwa hiyo ngozi ile haibanduki kwa ukucha, wala haitoki kwa kitambaa na petroli. Tena ina wema wake: ukilikwaruza bati mpaka chuma kionekane, zinki ya pembeni huliwa kwanza na unyevu, na kwa muda mrefu chuma hakishiki kutu. Kopo la bati si hivyo. Likikwaruzwa, chuma ndicho kinacholiwa kwanza, na kutu hutambaa chini ya ngozi.

Nitawachelewesha kidogo kwa ajili ya wenzetu wa baruti, maana wao hudhani kazi yao ni kuvunja tu. Kuna vyuma ambavyo havikubali kuungana kwa kuyeyushwa, kama titani na chuma cha kawaida. Katika vita vikuu watu waliona kwamba vipande vya makombora vilikuwa vimeshikamana na vyuma vilivyopigwa, kana kwamba vimelehemiwa. Baada ya Vita vya Pili wahandisi, hasa wa kampuni ya DuPont ya Marekani, waligeuza jambo hilo likawa kazi. Sahani moja ya chuma hulazwa chini, ya pili huwekwa juu yake kwa nafasi ndogo ya milimita chache, na baruti hutandazwa juu ya hiyo ya pili. Baruti huwashwa upande mmoja. Sahani ya juu hupigwa chini kwa nguvu mno hata uchafu wote wa katikati hurushwa nje mbele yake, na vyuma viwili safi hukamatana. Ukivikata na kuvitazama kwa hadubini, mpaka wao una mawimbi kama ziwa letu siku ya upepo. Kazi hii hufanyika mahali maalum, mbali na watu, chini ya mainjinia. Asiwepo kijana wa kuijaribu nyuma ya depo.

MOTO UNAPOKUTANA NA NGOZI

Sasa turudi kwa papa wetu na mabomba yake. Zinki huyeyuka kwenye digrii 420. Kwenye digrii 907 huchemka na kuwa mvuke. Chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka kifike karibu na digrii 1,500, na cheche ya mashine ya kulehemu ni kali kuliko hapo. Kwa hiyo kabla chuma hakijaanza hata kulainika, ngozi yake imekwisha kuchemka na kupaa. Ukikutana na hewa, mvuke huo huwaka na kugeuka moshi mweupe mzito, na mara nyingine nyuzi nyeupe nyepesi huelea kama pamba na kutua juu ya mabega ya fundi. Vumbi la moshi huo ni dogo sana. Pua haliwezi kulizuia, nalo hushuka mpaka mwisho wa mapafu.

Wakati wa kazi fundi hasikii kitu, au anakohoa kidogo tu. Hapo ndipo hila ya ugonjwa huu ilipo. Saa nne, sita, hata kumi hupita. Fundi ameoga, amekula, amekaa na watoto. Kisha kiu kinamshika, koo linakauka, kinywa kinapata ladha ya chuma, kichwa na viungo vinauma, baridi inamtetemesha, na baadaye jasho linamlowesha. Mtu gani wa Kivu asiyeita hiyo malaria? Hata Waingereza walichanganyikiwa hivyo hivyo. Daktari Greenhow aliandika mwaka 1862 juu ya wafanyakazi wa viwanda vya kuyeyusha shaba iliyochanganywa na zinki, na jina la ugonjwa wao wakati ule lilikuwa lile lile walilotumia kwa homa ya mabwawa, yaani malaria.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba mwili huzoea. Anayevuta moshi huo kila siku huona homa inapungua siku ya pili na ya tatu. Akipumzika Jumamosi na Jumapili, mazoea yanapotea, na Jumatatu homa inarudi na nguvu zake zote. Basi mke akiona kwamba homa ya mumewe inapenda Jumatatu, aje aniambie. Habari hiyo inanisaidia kuliko vipimo vingine.

Mafundi wengi wananiambia: "Munganga, sisi tunakunywa maziwa, moshi hautuwezi." Maziwa ni chakula chema na sitawazuia kuyanywa. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kifuani, na hizo ni njia mbili. Sijaona uthibitisho wowote kwamba maziwa yanazuia homa hii. Nina wasiwasi hata kwamba kikombe cha maziwa kimewafanya wengine waache kufungua mlango wa atelie.

Mtu mwenye homa hii huwa mzima katika siku moja au mbili. Lakini sikilizeni vizuri: msijipimie wenyewe nyumbani kwa sababu mmesoma ukurasa huu. Fundi wa kulehemu naye anaumwa na mbu, na anaweza kuwa na malaria na moshi pamoja. Kila homa ipimwe. Kipimo kikionyesha malaria, mgonjwa anywe dawa yote, hata kama mchana kutwa alikuwa akilehemu. Kisipoonyesha, na homa ikaendelea, arudi apimwe tena. Na tafadhali, mkifika zahanati semeni wenyewe kazi iliyofanyika siku ile, kwa sababu muuguzi wa zamu anaweza kusahau kuuliza, kama nilivyosahau mimi mara tatu.

KUIVUA NGOZI KABLA YA MOTO

Fundi mzuri wa zamani alikuwa anaanza na tupa. Tufanye vivyo hivyo. Kabla ya kulehemu bomba au bati, zinki iondolewe kwa jiwe la kunoa au tupa mahali pa kuungia, sentimita chache kila upande, ndani na nje ikiwezekana, mpaka rangi ya chuma tupu ionekane. Anayenoa avae miwani na barakoa, maana hata vumbi lile si la kuvuta. Wengine huchoma zinki kwa shalimo "ili iishe haraka." Huko ni kutengeneza moshi wote kwa mara moja.

Kazi ifanyike nje au milango ikiwa wazi, fundi akisimama upande ambao upepo unatoka, na kichwa chake kisiwe juu ya moshi. Kofia ya kulehemu inalinda macho na uso, haizuii moshi. Kitambaa cha mama kilichofungwa puani hakizuii chochote isipokuwa labda inzi. Barakoa za kuzuia vumbi dogo ziko depo, na zikiisha, mkubwa wa timu aandike ombi kabla ya kazi kuanza, si baada ya watu kulala zahanati. Na kama bomba linaweza kuungwa kwa nati na nyuzi za skurubu, kwa nini tulitie moto?

NGOZI NYINGINE, MBAYA KULIKO ZINKI

Homa ya zinki inamtesa mtu na kumwacha. Kuna chuma kingine ambacho hakimwachi. Jina lake kadimi. Huko nyuma ilitumiwa sana kuvika nati na bolti ili zisishike kutu, na ilichanganywa katika fimbo za fedha za kuungia vyuma, kwa sababu inazifanya ziyeyuke upesi na kutiririka vizuri. Kadimi huchemka kwenye digrii 767, chini ya zinki, na shalimo inafika hapo kwa urahisi. Ulaya ilikataza kuuza fimbo zenye kadimi mwaka 2011, lakini fimbo haziozi. Zilizonunuliwa zamani bado zimelala katika masanduku ya maatelie, nyingi zimepoteza karatasi zao.

Moshi wa kadimi huanza kama homa ya zinki: fundi anamaliza kazi akiwa mzima, usiku anatetemeka. Tofauti huonekana siku ya pili. Mwenye zinki anaamka akitaka uji, mwenye kadimi anaamka akishindwa kupumua. Mapafu yanajaa maji, na mtu anaweza kufa katika siku chache. Anayeponea, figo zake zinaweza kubaki na madhara. Kwa hiyo fundi yeyote ambaye baada ya kulehemu ana kifua kinachobana, anahema hata akiwa ameketi, midomo yake inabadilika rangi, au homa yake inazidi badala ya kupungua baada ya siku ya kwanza, asilazwe nyumbani na chupa ya maji moto. Aletwe mara moja, usiku kwa usiku, tumpeleke hospitali kubwa mahali penye oksijeni.

Ni wapi mtu wa mgodini anakutana na fimbo hizo? Kwenye vichwa vya fimbo za kutoboa mawe. Kichwa kile si chuma kimoja. Mwili wake ni chuma cha kawaida, lakini jino lake ni unga wa tungsteni na kaboni ulioshikanishwa kwa kobalti na kuchomwa mpaka ukawa mgumu karibu na almasi. Wajerumani waliupatia hati mwaka 1923, na kampuni ya Krupp ikauza kwa jina la Widia, maana yake katika lugha yao "kama almasi." Tungsteni hutoka katika volframiti, jiwe ambalo Kivu pia inalo, basi huenda jino linalotoboa mwamba wetu lilizaliwa katika mwamba wetu.

Jino huungwa na mwili kwa chuma cha tatu, shaba au mchanganyiko wa fedha, unaoyeyushwa katika nafasi nyembamba iliyo kati yao. Hapo kuna ugumu ambao si wa afya tu. Vitu vikipoa hujikunja, lakini jino hujikunja karibu nusu tu ya chuma. Ukiutia mwili wenye moto ndani ya maji ili upoe haraka, chuma hujivuta kwa nguvu, na jino hupasuka au hubaki na ufa usioonekana, ufa ambao utafunguka mbele ya uso wa mtoboaji. Kipoe polepole kwenye majivu makavu. Na vumbi la kunoa meno hayo lina kobalti inayoharibu mapafu kwa miaka, kwa hiyo jiwe la kunoa litumike na maji.

Tofauti hiyo hiyo ya kujikunja na kutanuka ndiyo inayolinda pompi zetu. Ndani ya kisanduku cha umeme cha pompi mna kibao chembamba cha vyuma viwili vilivyobanwa pamoja kwa magurudumu mazito mpaka vikawa kimoja. Upande mmoja hutanuka sana kwa joto, upande mwingine hautanuki karibu kabisa. Chuma hicho kisichotanuka kiligunduliwa na Guillaume mwaka 1896, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Mota ikizidiwa, kibao kinapata joto, kinapinda, kinakata umeme. Kijiti cha kiberiti kinachowekwa pale ili pompi "isisumbue" kinaondoa ulinzi wote, na wenzenu walio chini ya ardhi ndio wanaopata habari kwanza, kwa moshi.

Yafaa kuongeza neno juu ya wanaojaza upya taya za mashine ya kusaga mawe kwa bageti ngumu. Bageti hizo huweka ngozi mpya yenye kromi na manganizi juu ya chuma kilicholika, na moshi wake hauleti homa ya usiku mmoja, hivyo hakuna anayeulalamikia. Lakini shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka mwaka 2017 kwamba moshi wa kulehemu, wa aina zote, unaleta saratani kwa binadamu. Ugonjwa usiotetemesha meno ndio ninaouogopa zaidi.

AKINA MAMA NA KASIKSI

Mama mmoja aliniuliza kanisani: kama zinki inaruka kwa moto tu, je, ndoo nyeupe ya nyumbani haina neno? Kwa maji baridi ya kufulia na kuoga haina neno. Lakini kitu chenye uchachu hula zinki bila moto. Mutobe, kasiksi, maji ya ndimu, maziwa yaliyoganda, nyanya: vyote hivyo vikilala katika beseni au pipa lililovikwa zinki, zinki inaingia katika kinywaji. Wanywaji hutapika na kuumwa tumbo muda mfupi baadaye, na kwenye sherehe watu husema mtu ametia sumu. Ugomvi wa namna hiyo umeharibu ujirani mwingi. Kasiksi ikae katika mtungi, katika mtumbwi wake wa mti, au katika chombo cha plastiki kilichotengenezwa kwa chakula.

Na kopo la nyanya au nanasi likishafunguliwa, kilichobaki kihamishwe katika bakuli. Hewa ikiingia, uchachu huanza kula bati la ndani. Kanuni za kimataifa za chakula zinaruhusu miligramu 250 za bati katika kila kilo ya chakula cha kopo, na kopo lililosahauliwa wazi juu ya kabati linaweza kuzidi hapo. Kopo lililovimba litupwe bila kuonjwa.

Kuhusu mbabula: msinunue inayokatwa kutoka kwenye bati jipya au bomba jeupe. Makaa yanayopulizwa hupita digrii 420 kwa urahisi, na moshi wa kwanza unatoka jikoni kwenu, mtoto akiwa mgongoni. Pipa la chuma cheusi ni afadhali, bora liwe halikubeba dawa za sumu.

Juma lililopita tulikaa atelie pamoja na mkubwa wa mafundi, tukafungua masanduku yote. Fimbo zenye karatasi inayosomeka tulizirudisha rafuni. Tatu hazikuwa na alama yoyote. Fundi mzee alizinusa, akazigeuza mwangani, akasema, "Hizi nazikumbuka, zinatiririka vizuri mno." Tumezifunga katika bomba la plastiki lenye msalaba mwekundu, na ufunguo wa kabati anao yeye mkubwa wa mafundi. Anayejua kwamba ana fimbo za namna hiyo nyumbani, katika sanduku lake la vyombo, azilete zahanati siku yoyote kabla ya saa kumi. Sitamuuliza alizipata wapi.